Pasipoti ya Mtoto katika Historia ya Soni na Usambara Magharibi

Familia inayojiandaa kurudi ng'ambo kutoka Soni, iwe ya Wasambaa wenye makazi Ulaya au Marekani waliokuja kukaa kwao kwa muda, au ya wageni waliojaliwa mtoto wakiwa kazini milimani, mara nyingi hugundua kwamba kinachochelewesha safari si tiketi wala mizigo bali pasipoti ya mtoto, yaani kile kijitabu ambacho serikali moja humpa mtu ili serikali nyingine zilitambue jina lake, umri wake, sura yake na uraia wake. Mtu mzima ana kitambulisho, ana cheti cha shule, ana kazi na watu wanaomfahamu, lakini mtoto mchanga hana cha kuonyesha isipokuwa habari za kuzaliwa kwake na habari za wazazi wake, kwa hiyo pasipoti yake huwa ni kiungo cha mwisho cha mnyororo wa karatasi unaoanzia pale alipozaliwa na pengine pale walipozaliwa baba na mama yake. Hoja ya insha hii ni kwamba mnyororo huo, katika Usambara, ulitengenezwa kwanza kwa ajili ya watoto wa watu waliokuja, ilhali watoto wa wenyeji waliachwa nje yake kwa zaidi ya nusu karne, na kwamba sehemu kubwa ya taabu inayozikuta familia leo katika ofisi za Uhamiaji ilianzia hapo.

Soni ni mji mdogo ulio karibu katikati ya barabara inayopanda kutoka Mombo hadi Lushoto, mahali ambapo mto hushuka kwa maporomoko kuelekea bondeni na ambapo njia ya Bumbuli huchepuka kutoka barabara kuu. Jirani yake iko Vuga, iliyokuwa makao makuu ya watawala wa Kikilindi, na iko Sakharani, shamba la zamani la Mjerumani ambalo baadaye lilichukuliwa na watawa Wabenedikto. Hapo Soni penyewe kiko kiwanda cha uchapaji cha Vuga, kilichotokana na misheni ya Kilutheri. Kiutawala, kata ya Soni imo katika Halmashauri ya Bumbuli, ndani ya Wilaya ya Lushoto, Mkoa wa Tanga, na mpangilio huo si wa kupitwa hivi hivi, kwa sababu mzazi anayetafuta karatasi za mwanawe hupanda Lushoto kwa Mkuu wa Wilaya kufuata cheti cha kuzaliwa, kisha hushuka Mombo na kupita Korogwe hadi Tanga mjini, makao makuu ya mkoa, kufuata hati ya kusafiria. Njia hiyo ya kupanda na kushuka imefuatwa tangu utawala wa kwanza wa kikoloni ulipoweka boma lake Lushoto, wakati huo ikiitwa Wilhelmstal, na bandari yake Tanga.

Katika enzi ya Wajerumani mtoto wa mlowezi hakuhitaji pasipoti kurudi Ulaya, jambo ambalo msomaji wa leo huweza kulishangaa. Sheria ya pasipoti iliyotungwa na Shirikisho la Ujerumani ya Kaskazini mwaka 1867 ilikuwa imeondoa ulazima wa kuonyesha pasipoti wakati wa kutoka na kuingia nchini, hivyo familia iliyokuwa na uwezo wa kulipa nauli ya meli za Deutsche Ost-Afrika-Linie, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1890 kuunganisha Hamburg na pwani ya Afrika Mashariki, ilipanda na watoto wake Tanga bila kuulizwa hati ya kila mmoja. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na tangu hapo safari ya kutoka shambani Usambara hadi melini haikuwa tena ya msafara wa wapagazi. Miongoni mwa walowezi hao alikuwamo Tom von Prince, ofisa wa kijeshi aliyeitwa Sakharani na Waafrika, ambaye baada ya kuacha jeshi alilima Usambara pamoja na mkewe Magdalene na kulea watoto wao huko, hadi alipouawa katika vita vya Tanga Novemba 1914.

Kile ambacho mtoto wa Mjerumani alikuwa nacho, na ambacho kilimfaa zaidi ya pasipoti, ni kuandikwa katika daftari la serikali. Sheria ya mwaka 1870 juu ya ndoa na usajili wa Wajerumani walio nje ya nchi yao iliingizwa katika makoloni, na ofisi za wilaya, ikiwamo ya Wilhelmstal, zikawa na kazi ya kuandika vizazi, ndoa na vifo vya Wazungu. Madaftari hayo ya makoloni hayakupotea, kwani hadi leo yanahifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani mjini Berlin, na mjukuu anayetaka kuthibitisha kwamba babu yake alizaliwa Usambara mwaka 1908 ana mahali pa kuuliza. Sheria ya uraia ya Ujerumani ya Julai 1913 ilikaza zaidi jambo hilo, kwa kuwa ilifuata damu na siyo ardhi: mtoto aliyezaliwa na baba Mjerumani alikuwa Mjerumani hata kama hakuwahi kukanyaga Ujerumani, na daftari la wilaya ndilo lililokuwa shahidi wa damu hiyo.

Katika miaka hiyo hiyo, na katika boma hilo hilo, Msambaa naye aliandikwa, ila kwa shabaha nyingine kabisa. Mwaka 1907 utawala wa Wilhelmstal ulianzisha utaratibu wa kadi ambao ulimtaka kila mwanamume mwenye nguvu kufanya kazi kwa mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi 4 kwa ujira uliopangwa, na yule ambaye kadi yake haikujazwa siku hizo alilazimishwa kazi za serikali. Karatasi ya kwanza ya serikali iliyomfikia mkulima wa Soni mkononi mwake, basi, haikumtambulisha kuwa ni mtoto wa fulani aliyezaliwa siku fulani mahali fulani, bali ilihesabu mikono yake kwa ajili ya mashamba ya wengine. Jina la mwanawe halikuwa na safu popote katika daftari la wilaya. Tofauti hiyo kati ya karatasi inayomlinda mtu na karatasi inayomdai ni kosa la haki ambalo historia ya Usambara haina budi kulitaja waziwazi, kwa sababu matokeo yake yamedumu muda mrefu kuliko utawala ulioyaleta.

Daftari lililomwandika mtoto wa Msambaa kwa mara ya kwanza halikuwa la serikali bali la kanisa. Wamisionari wa Bethel, shirika la Kilutheri ambalo baadaye liliweka makao yake Bielefeld, Ujerumani, waliingia Mlalo mwaka 1891, wakaenda Mtae, wakafungua kituo Vuga mwaka 1895, na baadaye Bumbuli, na kila kituo kilitunza kitabu cha ubatizo. Kwa desturi ya makanisa ya aina hiyo, kitabu huonyesha jina la mtoto, majina ya wazazi wake, kijiji chao, siku ya kubatizwa, wadhamini, na siku ya kuzaliwa kama inajulikana. Kwa mtoto mchanga wa Wakristo tarehe hiyo iliweza kuwa sahihi. Kwa mtu aliyebatizwa akiwa mzima ilikuwa ni makisio, pengine kwa kukumbuka mwaka wa njaa au wa vita. Hata hivyo kitabu cha ubatizo kilikuja kuwa na thamani ambayo waandishi wake hawakuikusudia, kwani kizazi baada ya kizazi dondoo lake, yaani cheti cha ubatizo, limekubaliwa kama ushahidi wa kuunga mkono maombi ya cheti cha kuzaliwa, na watu wengi wa Vuga, Soni na Bumbuli waliokwenda kusoma au kufanya kazi nje ya nchi walithibitisha umri wao kwa kitabu hicho.

Lakini Wasambaa walio wengi ni Waislamu, na Uislamu ulipopanda milimani kutoka pwani na kutoka bonde la mto Pangani haukuja na daftari la vizazi. Mtoto alisomewa adhana sikioni, akapewa jina, akafanyiwa akika, na jamaa wote wakamjua. Kwa maisha ya kijijini huo ulikuwa ushahidi tosha, na hakuna sababu ya kuuona kuwa duni. Ulipungukiwa tu pale mtu alipotakiwa kuthibitisha kuzaliwa kwake mbele ya mgeni ambaye hamjui imamu wala mkunga. Kwa hiyo watoto wawili waliozaliwa juma moja katika vijiji viwili vinavyotazamana, mmoja wa nyumba ya Kilutheri na mwingine wa nyumba ya Kiislamu, walianza maisha wakiwa na uzito tofauti wa karatasi, na tofauti hiyo haikuletwa na mzazi yeyote kati yao.

Vita vya kwanza vya dunia vilibadili safari ya mtoto kabisa. Ujerumani ilirudisha ulazima wa pasipoti ilipoingia vitani mwaka 1914, Uingereza ikaanza mwaka 1915 kutoa pasipoti yenye picha, na hatua zilizodhaniwa kuwa za muda wa vita zikageuka kuwa za kudumu. Mkutano uliofanyika Paris Oktoba 1920 chini ya Shirikisho la Mataifa, chombo cha kimataifa kilichoanzishwa baada ya vita, ulipendekeza umbo moja la kijitabu kwa nchi zote, na katika kijitabu hicho mtoto hakuwa na ukurasa wake mwenyewe. Aliandikwa jina na umri ndani ya pasipoti ya baba, pengine pamoja na mama yake. Usambara nayo ilikuwa imetekwa na Waingereza katikati ya mwaka 1916. Vita vilipokwisha Wajerumani walirudishwa kwao, na wamisionari wa Bethel walikuwa wameondolewa kufikia mwaka 1920, wakiwa na watoto ambao wengi wao walizaliwa milimani na hawakuijua nchi nyingine. Katika maandishi ya serikali watoto hao walikuwa wanarudishwa nyumbani, ingawa nyumbani ndiko walikokuwa wakitolewa. Katazo la Wajerumani kuingia Tanganyika lilipoondolewa mwaka 1925 baadhi yao walirejea, misheni ikapata tena watenda kazi wake, na Lushoto ikapata tena jamii ya Kijerumani pamoja na shule yake.

Utawala mpya wa Waingereza, uliokuwa ukiitawala Tanganyika kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, ulitunga Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo ya mwaka 1920, ambayo ilianza kutumika mwaka 1921 na ambayo, ikiwa imerekebishwa mara kadhaa, ndiyo Sura ya 108 ya sheria za Tanzania hadi leo. Sheria hiyo iliipa kila wilaya msajili wake na ikaweka muda ambao kizazi kinapaswa kutolewa taarifa. Ulazima wake, hata hivyo, uliwahusu watu wasio Waafrika. Mtoto wa bwana shamba wa Kiingereza, wa mlowezi wa Kijerumani, au wa mfanyabiashara wa Kihindi mwenye duka njiani ilikuwa lazima aandikwe katika boma la Lushoto. Mtoto wa Mwafrika angeweza kuandikwa mzazi akipenda, lakini serikali haikumtafuta, haikumfuata kijijini, wala haikumwambia kwamba siku moja ataulizwa. Uzito wa neno hilo "angeweza" unaonekana vizuri mtu akikumbuka kwamba kutoka vijiji vya juu ya Soni hadi Lushoto ilikuwa ni siku nzima ya miguu kwenda na kurudi, kwa ajili ya karatasi ambayo haikuwa na matumizi yoyote katika maisha ya mkulima wa wakati huo.

Vita vya pili vilionyesha jinsi uraia wa mtoto ulivyofuata uraia wa baba bila huruma. Mtoto aliyezaliwa Lushoto mwaka 1932 kwa wazazi Wajerumani hakuwa raia wa Uingereza, kwa kuwa nchi ya dhamana haikuhesabiwa kuwa sehemu ya milki ya mfalme. Alikuwa Mjerumani kwa damu, na Septemba 1939 akawa mtoto wa adui katika mji aliozaliwa. Wanaume Wajerumani wa Tanganyika walikamatwa na kuwekwa kizuizini, baadhi ya familia zilirudishwa Ujerumani, na nyingine zikahamishiwa kambi za kusini mwa Afrika hadi vita vilipokwisha, huku misheni za Bethel zikiangaliwa na Walutheri wa Marekani wa kanisa la Augustana. Cheti cha kuzaliwa cha Lushoto kilithibitisha mahali na tarehe, lakini mahali hapo hapakumpa haki.

Jamii iliyopitia mtihani mgumu zaidi wa karatasi za watoto baada ya hapo ilikuwa ile ya Waasia. Chini ya Sheria ya Uraia ya Uingereza ya mwaka 1948 na amri iliyofuata mwaka 1949, mzaliwa wa Tanganyika ambaye hakuwa raia kamili wa Uingereza aliitwa mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza, hadhi iliyompa pasipoti lakini haikumpa nchi. Katiba ya Uhuru ya tarehe 9 Desemba 1961 ilipouliza nani ni raia wa Tanganyika, ilijibu kwa kanuni ya vizazi viwili: aliyezaliwa Tanganyika akawa na hadhi ya Kiingereza ya aina hiyo, na ambaye walau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika, alikuwa raia moja kwa moja siku ile. Kwa Wasambaa kanuni hiyo ilitosha bila karatasi yoyote. Kwa mwenye duka aliyezaliwa Lushoto ilhali wazazi wake walizaliwa Gujarat, haikutosha. Yeye alipewa haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia, na muda wa kuomba ulikuwa wa miaka miwili, hadi Desemba 1963. Huko nyuma, Oktoba 1961, wabunge kadhaa walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, na Mwalimu Julius Nyerere alilipinga pendekezo hilo bungeni kwa ukali, akiwa tayari serikali yake ijiuzulu kuliko kuukubali uraia wa rangi. Msimamo huo ulistahili heshima wakati ule na unaistahili sasa.

Hata hivyo sheria njema haikuondoa hesabu ndani ya nyumba. Familia nyingi za Waasia ziligawanyika kwa pasipoti, baba akibaki na ya Kiingereza, mama au mtoto mkubwa akichukua ya Tanganyika, ili mlango mmoja ukifungwa mwingine ubaki wazi. Azimio la Arusha la mwaka 1967, kisha utaifishaji wa majengo wa mwaka 1971, viliharakisha kuondoka kwao kuelekea Uingereza na Kanada, na maduka kadhaa katika miji midogo ya Tanzania yakabadili wenyewe. Wakati huo Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 1968, ilikuwa imewafungia mlango wenye pasipoti zake wasio na mzazi au babu aliyezaliwa huko.

Kwa wenyeji wa milimani mabadiliko yalikuja polepole. Baada ya Uhuru ulazima wa kusajili vizazi ulienezwa wilaya baada ya wilaya, lakini ofisi ilibaki makao makuu ya wilaya, na watoto wengi waliendelea kuzaliwa nyumbani mikononi mwa wakunga wa jadi. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, unaojulikana kwa kifupi chake RITA, ulioanza kazi mwaka 2006 kurithi shughuli za Kabidhi Wasii Mkuu, ulikuta deni kubwa: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba ni asilimia 16 tu ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 waliosajiliwa, na karibu nusu yao tu ndio waliokuwa na cheti mkononi. Utafiti wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 26. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilikuwa tayari imetamka kwamba mtoto ana haki ya jina, ya uraia na ya kuwajua wazazi wake, na kwamba mzazi ana wajibu wa kumsajili. Kilichobadili hali zaidi ya tamko hilo ni mpango wa kusajili watoto walio chini ya miaka 5 bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za kata, ulioanza kutekelezwa mkoani Mbeya mwaka 2013 na kuenezwa mkoa baada ya mkoa. Ulifanya jambo ambalo sheria ya mwaka 1920 haikulifikiria, nalo ni kuupeleka usajili alipo mama.

Upande wa pasipoti kanuni zilikuwa zikikazwa. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo huweka viwango vya hati za kusafiria, lilishauri kila msafiri awe na kijitabu chake, mtoto akiwamo, na desturi ya kumwandika mtoto ndani ya pasipoti ya mzazi ikafa: Uingereza iliiacha mwaka 1998, na nchi za Umoja wa Ulaya zikaimaliza mwaka 2012. Sababu yake kubwa ilikuwa ulinzi wa mtoto mwenyewe, maana jina bila picha katika kijitabu cha mtu mwingine lilimrahisishia mwizi wa watoto, au mzazi mmoja aliyegombana na mwenzake, kuvuka mpaka na mtoto bila ridhaa inayotakiwa. Tanzania ilitunga Sheria ya Pasipoti na Hati za Kusafiria mwaka 2002, ikaingia katika pasipoti zinazosomwa kwa mashine, na Januari 2018 Rais John Magufuli alizindua pasipoti ya kielektroniki, yenye kifaa kidogo kinachohifadhi taarifa za mwenye nayo, kwa ada ya shilingi 150,000. Kwa mwombaji aliye chini ya miaka 18 huhitajika cheti cha kuzaliwa, ushahidi wa uraia wa mzazi, na barua ya ridhaa ya wazazi au walezi.

Hapo ndipo historia nzima iliyoelezwa hurudi mezani kwa wakati mmoja. Cheti cha mtoto huombwa kwa tangazo la kizazi, yaani karatasi inayotolewa na hospitali au kituo cha afya mtoto anapozaliwa, na linapokosekana hutumiwa kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, au barua ya mtendaji wa kijiji. Kadi ya kliniki ni karatasi iliyopita mvua nyingi, na majina yaliyomo yaliandikwa na muuguzi kadiri alivyoyasikia: ukoo unaoanzia na "She", kama ilivyo koo nyingi za Kisambaa, huweza kuandikwa neno moja katika kadi, maneno mawili katika cheti cha shule cha baba, na kwa herufi nyingine katika kitambulisho chake cha taifa, na mama huweza kuonekana kwa jina la utotoni mahali pamoja na kwa jina la ndoa mahali pengine. Kwa jicho la kijiji huyo ni mtu mmoja. Kwa jicho la ofisa anayelinda hati ya taifa hao ni watu watatu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na ofisa huyo hafanyi kosa, kwani udanganyifu wa uraia hupita katika nyufa za namna hiyo hiyo.

Ufa mpana zaidi uko kwa mzazi. Baba aliyezaliwa kijijini mwaka 1975, katika nyumba isiyo na kitabu cha ubatizo, pengine hajawahi kuwa na cheti cha kuzaliwa, na kwa kuwa kizazi kilichopita miaka 10 bila kusajiliwa huhitaji idhini ya Msajili Mkuu, njia iliyozoeleka ni kiapo, yaani tamko la maandishi mbele ya hakimu au wakili ambalo hutolewa na ndugu mkubwa aliyejua kuzaliwa kwake. Ndiyo maana bibi wa Soni ambaye hajawahi kupanda ndege hupandishwa hadi Lushoto mjini aseme, na aweke dole gumba, kwamba fulani ni mwanawe na alimzaa nyumbani msimu wa vuli mwaka fulani. Ushahidi wa mdomo wa jamaa, uliopuuzwa na madaftari ya mwanzo, unarudi kwa mlango wa mahakama kuziba pengo ambalo madaftari hayo yaliliacha, na bibi akifariki kabla ya siku hiyo pengo huwa gumu kuzibika. Familia inayojua kwamba itasafiri hufanya vema kumuapisha mapema, akiwa na nguvu na kumbukumbu zake.

Wageni wanaorudi kwao hukutana na sura nyingine ya jambo hilo. Tangu mradi wa maendeleo wa Mkoa wa Tanga uliofadhiliwa na Ujerumani kuanzia miaka ya 1970, na mradi wa kuhifadhi udongo uliofanya kazi Lushoto kuanzia mwaka 1981, hadi madaktari na walimu wanaoletwa na uhusiano wa Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kilutheri na washirika wake wa ng'ambo, wamekuwapo watoto wa kigeni waliozaliwa Usambara. Mtoto huyo hupata cheti cha RITA kama mwingine yeyote, kisha ubalozi wa nchi yake humpa pasipoti. Marekani, kwa mfano, huanza na hati maalumu ya kuzaliwa nje ya nchi na hudai ridhaa ya wazazi wote wawili kwa mtoto wa chini ya miaka 16, na pasipoti anayopewa hudumu miaka 5. Ujerumani ilikuwa na pasipoti nyepesi ya mtoto, lakini tangu Januari 2024 haitoi mpya za aina hiyo.

Uraia wa mtoto mwenye nchi mbili unaendelea kuamuliwa na Sheria ya Uraia wa Tanzania ya mwaka 1995. Sheria hiyo humruhusu mtoto kubaki na uraia wa pili hadi afikishe miaka 18, kisha humtaka aukane ule wa kigeni ikiwa anataka kubaki Mtanzania, na wazazi wengi wa ng'ambo hulifahamu sharti hilo kuliko la pili, ambalo ni zito zaidi. Mtoto aliyezaliwa Bielefeld kwa mama mzaliwa wa Soni ni raia wa Tanzania kwa kurithi tangu siku ya kuzaliwa, lakini uraia wa kurithi haurithishwi tena: akikua, akabaki Mtanzania, na akazaa mtoto ng'ambo na mtu asiye Mtanzania, mtoto huyo hazaliwi raia. Ujerumani imeweka sharti linalofanana na hilo kwa Wajerumani waliozaliwa nje baada ya mwaka 1999, kwamba mtoto wao anayezaliwa nje asipoandikishwa ndani ya mwaka mmoja hukosa uraia huo, isipokuwa kama kwa kuukosa angebaki bila nchi yoyote. Sharti hilo linamgusa hata Mjerumani aliyezaliwa Bumbuli mwaka 2003. Kwa upande wa Tanzania njia iliyobaki kwa mtoto wa kizazi hicho cha pili ni tajnisi, yaani kupewa uraia kwa maombi, ambayo mzazi aliye raia humwombea kwa Waziri kabla hajatimiza miaka 18.